Mwokoaji Naye Aliwazwe

Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema wakati ule kwamba halijapata kuona umati mkubwa namna ile ukivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Siku chache baadaye Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara, palikuwa na watu wengi kuliko miji mingi iliyo makao makuu ya mikoa. Haukupita muda mrefu, wageni wakawazidi wenyeji kwa idadi katika wilaya nzima.

Mengi ya msiba ule yamehesabiwa. Zimehesabiwa tani za mahindi na maharage, maturubai, mablanketi na lita za maji. Imeandikwa juu ya vyoo, chanjo ya surua, misitu iliyokwisha kwa kuni na barabara zilizochimbika kwa magurudumu ya malori. Lakini iko hesabu moja ambayo ni nadra kuonekana katika ripoti hizo, nayo ni hesabu ya mioyo ya wale waliowapokea watu hao. Ni askari polisi aliyesimama kwenye daraja, muuguzi aliyeitwa kutoka nyumbani na asirudi kwa siku tatu, kijana wa Msalaba Mwekundu aliyebeba machela, mwalimu aliyefungua milango ya darasa ili watoto wa wenzake wapate pa kulala, na mwanakijiji aliyechimba kaburi la mtu asiyemjua hata kwa jina.

Neno mwokoaji, kwa hiyo, lisifungwe katika sare ya zimamoto peke yake. Katika nchi yenye vijiji vingi na magari machache, mwokoaji wa kwanza ni yule aliye karibu. Huyo ndiye anayeona kwanza, anayegusa kwanza na anayesikia kwanza. Yafaa kuuliza, basi: baada ya hatari kupita na wakubwa kuondoka, mwokoaji huyu hubaki na nini, na ni nani anayemwuliza habari zake?

Watu wa Ngara hawakungojea ndege za misaada ndipo waanze kazi. Mashirika ya kimataifa yalifika upesi na yakafanya kazi kubwa. Laiti yasingalifika, vifo vingalikuwa vingi mno. Miezi mitatu baadaye, mjini Goma, upande wa Zaire ya wakati ule, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Maafa ya kiasi kile hayakutokea Benaco, na sifa kwa hilo wanastahili wote waliochota maji, waliochimba vyoo na waliochanja watoto. Lakini kabla ya mahema kusimama palikuwapo hospitali za Murgwanza na Rulenge, zahanati za vijiji, na watumishi wa wilaya waliozoea kuhudumia watu wa tarafa chache tu. Wao ndio walioziba pengo la saa za mwanzo, na wengi wao waliendelea kwa miaka.

Chini ya daraja lile ulipita mto Kagera. Katika majuma yale mto ulibeba maiti za wanaume, wanawake na watoto, wengine wakiwa wamefungwa mikono. Ulizibeba hadi Ziwa Viktoria, na ng'ambo ya pili, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, wavuvi na wanavijiji walizitoa majini kwa mikono yao na kuzizika. Kasensero, Lambu na Ggolo leo yapo makaburi ya halaiki ambamo wamelala zaidi ya watu 10,000. Wavuvi wale hawakuwa wamefunzwa kazi hiyo. Walikuwa watu wa nyavu na mitumbwi, waliokuta kwamba ziwa walilolitegemea kwa chakula limegeuka makaburi. Nani alikaa nao jioni, walipoosha mikono na kushindwa kula?

Jambo jingine aghalabu husahauliwa. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Washubi. Kihangaza na Kishubi ni lugha za ukoo mmoja na Kirundi na Kinyarwanda, na msemaji wa moja humwelewa msemaji wa nyingine bila kuhitaji mkalimani. Daktari aliyetoka Ulaya alisikia habari za mauaji kupitia kinywa cha mtu wa tatu. Maneno yalimfikia yakiwa yamekwisha kupoa. Muuguzi aliyezaliwa Ngara aliyapokea yangali moto. Aliyasikia hata yale ambayo hakuambiwa yeye: mama anayeweweseka usiku wa manane akiita majina ya wanawe, au wazee wanaonong'ona kwenye foleni ya dawa. Hakuwa na namna ya kuziba masikio, kwa kuwa maneno yalikuwa yale yale ambayo mama yake mwenyewe alimlea nayo.

Mzigo wa mkalimani ulikuwa mzito zaidi. Mkalimani hasemi, "Mama huyu anadai kwamba watoto wake wameuawa." Kazi yake humtaka aseme kama anavyosema mwenye msiba: "Waliwaua wanangu." Kijana aliyemaliza shule jana, asiye na mke wala mtoto, husema maneno hayo kwa kinywa chake mwenyewe tangu asubuhi hadi jioni, leo kwa sauti ya mjane, kesho kwa sauti ya yatima. Jioni hulipwa ujira wake akaambiwa arudi kesho. Hakuna aliyefikiri kwamba maneno nayo huacha kovu katika kinywa kinachoyapitisha.

Palikuwa pia na mtihani wa haki. Miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwamo wasio na hatia, tena wengi. Lakini walikuwamo pia viongozi walioyapanga mauaji. Mwezi Juni 1994 ulifanyika mpango wa kumwondoa Benaco aliyekuwa meya wa Murambi, Jean-Baptiste Gatete. Umati wenye silaha za jadi uliwazingira wafanyakazi wa misaada na kuwatishia maisha, na polisi walilazimika kuingilia kati. Mtu huyo baadaye alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, mwaka 2011, na mwaka uliofuata akapunguziwa kifungo hadi miaka 40. Lakini Juni ile hapakuwa na mahakama wala hukumu. Palikuwa na foleni ya maji, foleni ya chakula na foleni ya dawa, na katika foleni hizo alisimama mjane, na nyuma yake huenda alisimama aliyemfanya mjane. Muuguzi alitakiwa kuwatibu wote wawili kwa mkono uleule na kwa upole uleule. Huo ndio uadilifu wa kazi yake, na watumishi wa Ngara waliutimiza. Lakini uadilifu wa namna hiyo unamgharimu mwenye kuutimiza, na gharama hiyo huilipa usiku, akiwa peke yake.

Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka, kwa kuchukizwa na hali hiyo ya kulisha wauaji, liliamua mwishoni mwa mwaka 1994 kuondoka katika kambi hizo. Ulikuwa uamuzi wa dhamiri, na kila mtu anaweza kuupima apendavyo. Lakini muuguzi wa wilaya hawezi kupitisha azimio la kuihama wilaya yake. Mgeni alikuwa na mkataba wa miezi, likizo ya mapumziko, na mwishowe tiketi ya kurudi kwao. Mwenyeji alitoka kambini jioni akapita kando ya shamba lake lililokanyagwa, akaingia nyumbani kwake, na asubuhi akarudi palepale. Kambi za Wanyarwanda zilidumu hadi Desemba 1996, waliporudishwa kwao kwa wingi na kwa haraka chini ya ulinzi wa vyombo vya dola. Kambi ya Warundi ya Lukole iliendelea kuwapo miaka mingi baada ya hapo. Mtumishi aliyekuwa kijana mwaka 1994 amekwisha kustaafu au anakaribia kustaafu, na pengine hajapata kuulizwa hata mara moja na mkuu wake wa kazi: "Je, ndugu, wewe ulipitaje katika yale?"

Walimu nao wana sehemu yao katika historia hii. Baadhi ya shule zilizo karibu na mpaka zilivamiwa na umati, na madawati yakageuka kuni. Walimu na watumishi wengine waliacha vyumba vya darasa na ofisi za Serikali kwenda kufanya kazi kwenye mashirika yaliyolipa vizuri zaidi. Walilaumiwa kwa uroho, na huenda wako waliostahili lawama. Lakini waliobaki darasani walibaki na watoto waliokuwa wameona maiti mtoni, waliosikia milio ya risasi, na waliotaka kujua kwa nini watu wanachinjana. Mwalimu hakuandaliwa kwa maswali hayo. Aliyajibu alivyoweza, kisha akaandika ubaoni somo la hesabu.

Ulimwengu unamjua mmoja aliyeumia kwa yale ya Rwanda, naye ni Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoachwa Kigali bila askari wa kutosha wala ruhusa ya kutosha. Alirudi kwao na medali, lakini alirudi pia na ugonjwa. Aliota maiti, alikunywa kupita kiasi, alijaribu kujiua, na mwaka 2000 aliondolewa jeshini kwa sababu za afya. Kisha akafanya jambo la ujasiri kuliko vita: alisema hadharani kwamba anaumwa akilini, na kwamba ugonjwa huo ni jeraha la kazi kama lilivyo jeraha la risasi. Tangu hapo wanajeshi wengi wa Kanada walipata nafuu ya kusema yao. Jenerali alipata daktari, jina la ugonjwa na kalamu ya kuandikia kitabu. Mhudumu wa wodi wa Ngara aliyeota ndoto zilezile hakupata jina la kinachomsumbua. Huenda majirani ndio waliompa jina, nalo likawa mlevi, au mkali, au aliyerogwa.

Asije mtu akadhani kwamba mambo haya ni ya mwaka 1994 tu. Mkoa wa Kagera umeendelea kuwa shule ya maafa. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya shirika la Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 19 walikufa na 24 wakaokoka. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa na taifa zima, akapewa zawadi ya fedha na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa haki yake. Hata hivyo, kijana huyohuyo alizimia katika jitihada za kuwafikia marubani na akazindukana akiwa hospitali, na marubani wale hawakuokoka. Zawadi na ajira ni heshima kubwa. Lakini hazijibu swali ambalo kila mwokoaji hujiuliza gizani, juu ya yule ambaye mkono wake haukumfikia.

Mwaka uliofuata, Machi 2023, homa ya Marburg iliingia katika wilaya ya Bukoba Vijijini. Watu 6 walikufa, na miongoni mwao alikuwamo mhudumu wa afya. Tarehe 20 Januari, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza mjini Dodoma kwamba ugonjwa huo umeonekana wilayani Biharamulo. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi mwaka huo, wagonjwa 10 waliohesabiwa, wawili kwa uthibitisho wa maabara na wanane kwa dalili na uhusiano, wote walikuwa wamekufa. Ugonjwa ulizuiwa usienee nchini, na huo ni ushindi wa wahudumu wa Biharamulo na wenzao waliotumwa kuwasaidia.

Lakini ushindi huo ulipatikana namna gani? Mhudumu huvaa mavazi ya kujikinga yanayomfunika mwili mzima, akitoka jasho kama mvua, akimhudumia mgonjwa asiyeweza hata kuuona uso wake. Akivua vibaya kinga moja, amejitia hatarini. Kisha huhesabu siku 21, akijipima joto asubuhi na jioni, na kila homa ya malaria au mafua humpitisha karibu na kifo. Nyumbani hawezi kumbeba mtoto wake. Sokoni watu humkwepa. Mfuatiliaji anayepita nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliokutana na mgonjwa hufukuzwa kama mchawi. Na waliopewa kazi ya kuzika hulaumiwa kwa kuwanyima ndugu haki ya kumwosha marehemu wao. Wanafanya lililo sawa, na kwa kulifanya wanachukiwa. Uchovu wa mwili hupona kwa usingizi. Huu wa kuchukiwa na wale unaowaokoa haupungui kwa kulala.

Na kando ya maafa yanayotangazwa redioni yako yale ya kila siku. Barabara itokayo Rusumo kupitia Benaco na Nyakahura hadi Lusahunga hubeba malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi usiku na mchana. Lori likikosa breki mlimani, wa kwanza kufika ni wanakijiji, askari wa usalama barabarani na muuguzi wa kituo cha afya kilicho jirani. Dereva wa gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyeitwa kwa simu ya 115, humkimbiza mama mjamzito kwenye barabara ya vumbi usiku, akisikia nyuma yake kilio kikififia. Akifika salama, hakuna habari. Asipofika, yeye ndiye anayeosha gari.

Watu husema kwamba wazee wetu walivumilia makubwa kuliko haya bila mshauri wala daktari wa akili, na kwamba maneno haya ya huzuni ni mitindo ya Wazungu. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu nusu yake ni kweli. Wazee hawakuwa na washauri wenye vyeti. Walikuwa na matanga. Mtu akifiwa hakuachwa peke yake. Jirani alileta kuni, mwingine maji, mwingine unga. Watu walilala kwake siku kadhaa. Aliyetaka kulia alilia, na aliyetaka kunyamaza aliachwa anyamaze katikati ya watu. Watani walikuja kufanya mzaha hata kando ya jeneza, si kwa dharau bali kwa kujua kwamba moyo uliokazwa mno hukatika. Siku ya kuondoa matanga ikifika, mfiwa alirudi shambani akiwa na ruhusa ya jamii nzima ya kuanza kuishi tena. Huo ulikuwa ushauri nasaha, tena wa hali ya juu, kabla neno lenyewe halijatungwa.

Msiba wa mwokoaji ni huu: yeye hana matanga. Maiti aliyemtoa mtoni si ndugu yake, basi hakuna anayempa pole. Mtoto aliyekufa mikononi mwake ana wazazi, nao ndio wanaokaliwa matanga. Yeye hutakiwa kuosha mikono, kujaza kitabu cha zamu na kumwita mgonjwa afuatae. Akifanya hivyo mara moja, ni ushujaa. Akifanya hivyo mara mia kwa miaka kumi, moyo huanza kujilinda kwa njia zake wenyewe. Hulala bila kupata usingizi. Hushtuka mlango ukigongwa. Hucheka mahali pa kulia. Humkaripia mgonjwa aliyekuja kuomba msaada, humpiga mtoto kwa kosa dogo, hutafuta usahaulifu katika chupa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu hafichi kwa ukaidi. Anaficha kwa sababu hapana aliyemwambia kwamba maradhi hayo yana jina na kwamba si aibu.

Hapa ndipo mtumishi wa umma anayesoma haya anapohusika moja kwa moja. Katika ofisi ngapi muuguzi mchelewaji ameandikiwa barua ya onyo, akahamishwa, akaitwa mvivu, bila mkuu wake kutazama nyuma katika kitabu cha zamu aone ni wapi alikotoka miezi sita iliyopita? Nidhamu kazini ni lazima, na hakuna anayetetea ulevi wala uzembe. Lakini mganga anayetibu homa bila kuuliza imetokana na nini si mganga, na mkuu wa kazi anayeadhibu bila kuuliza si kiongozi.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi chini kabisa vijijini. Sheria ya Afya ya Akili ipo tangu 2008, na mwaka huohuo ilitungwa sheria iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Katika dunia nzima mawazo yamekwisha kubadilika. Mwongozo wa mwaka 2007 wa mashirika ya misaada kuhusu afya ya akili wakati wa dharura unawataja wafanyakazi na watu wa kujitolea kuwa miongoni mwa wanaohitaji kulindwa. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani liliingiza maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko katika orodha yake ya magonjwa ya kazini. Kinachokosekana ni mazoea ya ofisi, kwa maana sheria haijazi fomu. Fomu hujazwa na mkuu wa kazi anayeamini kwamba jeraha lisilotoka damu nalo ni jeraha.

Itasemwa kwamba fedha hazitoshi, na kwamba nchi yenye upungufu wa wauguzi haiwezi kuajiri mshauri kwa kila zahanati. Ni kweli kwamba wataalamu wa akili ni wachache, tena wako mbali na Ngara. Lakini sehemu kubwa ya dawa hii hainunuliwi dukani. Kamati ya maafa ya wilaya inapopanga maturubai, ipange pia zamu, ili asiwepo mtu anayekaa kwenye kazi ya maiti au ya karantini kwa majuma bila mapumziko. Iandike orodha ya wote waliofanya kazi, wakiwamo wavuvi, mgambo, wakalimani na wachimba makaburi, kwa maana asiyeandikwa hatafutwi. Posho iliyoahidiwa ilipwe kwa wakati. Hakuna kinachomvunja moyo aliyehatarisha maisha yake kama kuzungushwa maofisini akidai stahili yake. Barua ya shukrani yenye jina la mtu na mhuri wa wilaya ni karatasi moja tu, lakini huwekwa sandukuni hadi uzeeni.

Kisha aulizwe. Asilazimishwe kusimulia yote siku ileile mbele ya watu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri kwamba mtindo huo wa kumkamua mtu habari baada ya mshtuko usitumike. Apewe chai, apewe nafasi ya kupumzika, ajue kwamba akitaka kusema yupo wa kumsikiliza bila kumcheka. Mkuu wake amwulize tena baada ya mwezi, na tena baada ya miezi sita, maana jeraha la namna hii aghalabu hujitokeza wakati watu wengine wamekwisha sahau. Akionekana hali chakula, halali au anataja kujidhuru, asisubiriwe apone mwenyewe. Apelekwe hospitali kama anavyopelekwa aliyevunjika mguu. Na vyuo vinavyofundisha wauguzi, polisi na walimu viwaambie wanafunzi wao mapema kwamba siku hiyo itakuja, na kwamba kutetemeka baada yake si woga.

Viongozi nao wana neno la kusema. Mganga mkuu, ofisa wa polisi au mwalimu mkuu anayewaambia vijana wake, "Mimi pia nililia baada ya ajali ile," hapunguzi cheo chake. Anawafungulia mlango. Walio chini yake watasema yao, na ofisi itakuwa imepata kitu kilichofanana na matanga.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Taifa haliwezi kulala kwenye kitanda cha kila mwokoaji, lakini linaweza kumwuliza amelalaje. Leo Rusumo kuna daraja jipya, kuna kituo cha pamoja cha forodha, na maporomoko yale yanazalisha umeme wa megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hayo ni maendeleo ya kujivunia, na mto uliobeba maiti sasa unawasha taa. Miongoni mwa wanaosomea kwenye taa hizo wamo wazee waliokuwa vijana mwaka 1994, na wamo wahudumu wa Biharamulo waliohesabu siku zao 21 mwaka 2025. Kila ofisi ya wilaya, kila hospitali na kila shule katika eneo hilo inawajua kwa majina. Aitwe hata mmoja juma hili, apewe kiti, aulizwe habari zake, na anayeuliza asiwe na haraka ya kuondoka.